Koti la Kijani la Arlene

Yaliyompata Milton Hruska yanasimuliwa mpaka leo huku kwetu Nebraska, na wengi huanza kuyasikiliza wakicheka. Yalianza Jumamosi tulivu ya Oktoba. Milton alikuwa gereji kwake, redio ikitangaza mpira, na mezani ipo mota ya waipa, ile ya kufutia kioo cha mbele, aliyoing'oa kwenye gari bovu. Alikuwa akitengeneza dude la Halowini, sikukuu ya vitisho ya mwisho wa Oktoba, kama wazee wote wa mtaa ule. Lake lilikuwa sanamu ya mwanamke wa kuketi barazani na kupunga mkono.

Mwenzangu, Milton alikuwa na wivu wa miaka mingi. Ng'ambo ya barabara aliishi Duane Kolar, ambaye ndiye aliyemuoa Arlene, mwanamke ambaye Milton alimtamani. Kila asubuhi Arlene alisimama mlangoni akampungia mumewe akienda kazini, polepole, kama anayefuta ukungu kwenye kioo. Milton alikuwa dirishani kwake akimkodolea macho usoni. Hakuwahi kupungiwa hata siku moja. Arlene akafariki majira ya kuchipua, na Duane alipotoa nguo za marehemu kuziuza uani, Milton alinunua koti lake la kijani na glavu zake. Alidanganya kwamba ni za dada yake.

Sasa koti lile lilivikwa sanamu. Mota aliifunga kwenye mkono wa kulia. Mkono wa kushoto aliujaza magazeti tu, akashonea glavu kwenye ncha, vidole vya glavu hiyo vikabaki vyeusi kwa wino wa gazeti. Akaiketisha kitini barazani, na kiti akakielekeza kwenye dirisha lake mwenyewe. Kisha akawasha.

Mkono ulikwenda mbio. Shirley wa nyumba ya pili, aliyekuwa akipita na mbwa, alishika mbavu.

"Milton! Huyo anaaga wageni au anafukuza nyuki?"

"Pita zako, Shirley."

"Mpunguzie kahawa basi, maskini!"

Milton akarudi kwenye boksi la umeme alilolitoa katika kompyuta iliyokufa. Waya wa njano ulitoa volti kumi na mbili, mwekundu volti tano. Akachomoa mota kwenye njano, akaiunga kwenye mwekundu. Mota ikanguruma chini chini. Mkono ukapanda taratibu, ukasita, ukashuka.

Alikuwa Arlene mwenyewe. Milton alikaa ndani, upande wa pili wa kioo cha dirisha, machozi yakamlengalenga.

"Leo unanipungia mimi," alinong'ona.

Asubuhi alikuta kiti kimegeukia barabarani. Kilitazama nyumba ya Duane. Milton alikasirika, akaona ni ujeuri wa Duane huyo, hata mkewe wa matambara hataki kumwachia mtu. Akakigeuza, akaifunga miguu ya kiti kwenye mbao za baraza kwa skrubu ndefu, akazikaza mpaka kiganja kikamuuma.

Jioni ya Halowini watoto walikuja na ndoo zao kuomba peremende, kama ilivyo ada. Milton aligawa peremende, akafunga mlango, akatazama dirishani ili aone akipungiwa.

Aliona mgongo wa koti.

Akatoka. Skrubu zilikuwa palepale. Kiti hakikuwa kimesogea hata kidogo. Ni yeye aliyegeuka, ndani ya kiti. Barazani ng'ambo Duane alikuwa ameketi peke yake na bakuli la peremende, ametulia, anatazama huku.

Milton akachomoa plagi ukutani.

Mota ikanyamaza. Mkono wa kulia ukaanguka pajani.

Wa kushoto ukapanda.

Magazeti yalichakarisha ndani ya mkono wa koti. Ukapanda polepole. Ukasita. Ukashuka. Ukapanda tena.

Ungedhani mtu angekimbia. Milton alisimama. Kilichomshika kwanza hakikuwa woga, kilikuwa ule wivu wake.

"Hata sasa?" alinong'ona. "Hata sasa, Arlene?"

Kichwa hakikugeuka. Hapo ndipo woga ulipomfika. Akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo, akashusha pazia.

Kulipokucha, koti lilikuwa limeketi sawa, linatazama dirisha lake, kama alivyoliweka. Glavu ya kushoto haikuwepo. Mkono wa koti ulikuwa umelala mtupu, na vipande vya gazeti vilishuka ngazi mpaka barabarani. Duane alikuwa akipanda ngazi zizo hizo, na kikombe cha kahawa.

"Nimekuja kukushukuru, mzee mwenzangu," alisema. "Najua mimi na wewe hatujawahi kupendana. Lakini jana ulinitendea wema. Nilimwangalia akinipungia mpaka nikasinzia pale pale kitini, nikamuota kabisa."

"Ni mota tu, Duane. Nimeipunguza kasi."

"Sawa, ila ulijuaje alitumia mkono wa kushoto? Watu wengi hawakuligundua hilo."

 Miaka yote ile ya dirishani, akimkodolea uso tu, Milton hakuwa amejua.

Alikuwa akitazama shavu la Duane. Michirizi minne myeusi, kama ya vidole, ilishuka juu yake, na alama moja ya duara chini ya kidevu. Wino wa gazeti.

"Una kitu usoni," alisema.

Duane akajipangusa, akatazama kiganja, asione neno. Akaaga, akavuka barabara.

Milton akaenda mbele ya kioo cha bafuni. Akatazama shavu la kulia, kisha la kushoto, akawasha taa atazame vizuri zaidi. Yote mawili yalikuwa safi.