Ventilateur ya Motoka ya Kasereka

Ile mangaribi Kavugho alikuwa anapeleka tu makayabu mu taxi yake. Mama moja muzee alimusimamisha pa soko ya Ruashi, na bitunga yake tatu ya samaki ya chumvi, akaomba afike Kamalondo mbele giza haijaingia. Bakapakia mu buti. Mama akaikala mbele. Alisema kama yeye akiikala nyuma, motoka itanyanyua mupua sawa mbwa, akacheka mpaka kitambaa ikamuanguka.

Motoka ile, Kamalondo yote tuliijua. Ni ya hybride, ya betri na mafuta pamoja. Ikienda pole pole hausikie kitu, inakupitia mu mukongo sawa mwizi. Kasereka, bwana ya Kavugho, njo aliiagiza, akaitosha Japani. Ikapita Dar, ikalala juma mbili mu foleni ya mupaka pa Kasumbalesa, ikaingia mu parcelle, mu kiwanja yake, na maua mbele sawa bibi arusi. Bandugu bakamuchekelea.

"Betri yayo inakufa kisha miaka munane, miaka kumi. Mupya iko nusu ya beyi ya motoka. Utalia."

"Mafuta yenye motoka hainywe, feza yake ninaiweka mu kopo," Kasereka akasema. "Mwaka wa kumi nitanunua betri, na nyie mutakuwa mungali munasukuma motoka zenu."

Na aliweka kweli. Kila posho, ni kusema kila juma, mu kopo ya maziwa, chini ya kitanda.

Kisha vita ikaingia Goma. Mutoto wabo, moja tu, Syntiche, alikuwa anasoma kule. Simu ikakatika. Biashara ya Kavugho ilikuwa maharagi ya Kivu. Ikafa ile siku, hakuna camion, hakuna banki. Kasereka akafungua kopo. Feza ya betri njo ikawa feza ya njia: bus ya Kasumbalesa, Zambia, Tanzania, Uganda, kuzunguka inchi tatu juu ya kufikia mutoto wake. Akaachia bibi yake funguo.

"Fanya nayo taxi. Lakini usiuzishe."

Kisha juma tatu, message moja mu simu: *Nimemupata. Tunatoka kesho asubui.*

Sasa ilikuwa miezi kumi. Hakuna ingine iliingia.

Basi, ile mangaribi, banapita njia ya Ruashi, mama wa makayabu akageuka nyuma. Akageuka tena. Ule mama mwenye mudomo ya soko akavuta kitambaa yake karibu.

"Mama," akasema pole pole, "mutoto wako, habamufundishake kusalimia?"

"Mutoto gani?"

"Huyu wa nyuma."

Kavugho akaangalia mu kioo. Kiti ya nyuma ilikuwa mutupu.

Lakini chini ya ile kiti, kule betri inalala, ventilateur, ile feni ya kupoza betri, ikaanza kuzunguka. Fuuu... fuuu... Sawa muntu mwenye kupanda mulima. Na harufu ya makayabu ikaisha. Samaki ya bitunga tatu, harufu ikaisha. Ikaingia ingine.

Majivu ya kulowana. Mawe ya kuungua.

"Nishushe hapa," mama akasema.

"Hatujafika."

"Nishushe. Nitakulipa ya kufika."

Alishuka na bitunga mbili. Ya tatu aliisahau mu buti, na mpaka leo hajakuya kuiuliza.

Kosa ya Kavugho tuliijua siye bote, na hakuna alimuambia. Tangu bwana yake aende, kila mangaribi akitosha motoka, alikuwa anafungua mulango wa nyuma, anasema: "Syntiche, ingia, tuende." Tulifikiri ni namna yake ya kulia. Lakini hatumufunguliake muntu mwenye haiko mulango ya motoka, na kumuita jina, na giza inaingia. Kuko benye kusikia.

Kesho yake taa nyekundu ikawaka pa tablo, pale mbele ya dereva. Kavugho akapeleka motoka kwa Clément, mekanisien, garage yake iko nyuma ya baa pale Kamalondo. Deborah, dada ya Kasereka, mwenye anaikala naye parcelle moja, akamufwata na mudomo yake yote.

Clément akanyanyua kiti ya nyuma, akaweka appareil yake ya kupima.

"Betri hii iko na bipande makumi mbili na munane. Tano imekufa. Nikibadilisha ile tano, zingine zitaifwata, utakuwa unarudia hapa kila miezi tatu kunilisha. Ya occasion, hakuna anajua imetumika wapi. Mupya..." Akapiga mulio na midomo. "Unajua mwenyewe."

"Uzisha, belle-soeur," Deborah akasema. "Uzisha, tuweke matanga ya bote babili, tulie sawa bantu. Miezi kumi tunaangalia simu sawa iko televizyo."

"Siweke matanga. Hakuna aliona mwili."

"Kavugho..."

"Hakuna aliona mwili, Deborah."

Clément hakubasikia. Alikuwa na kichwa ndani. "Mbona imekufa mbio? Hii ingekula miaka tatu tena. Betri za hivi zinauwawa na joto. Ventilateur inavuta hewa ya ndani, hapa, pa miguu ya mwenye kuikala nyuma. Ule akiwa na vumbi, inaingia, inaziba." Akafungua vis, akatosha ventilateur.

Akaigeuza chini juu.

Akamimina kwa kiganja chake budongo. Yetu ya Lubumbashi ni nyekundu, inafika mpaka mu sahani. Hii ilikuwa nyeusi. Ya kukwaruza, sawa sukari ya kuungua.

"Motoka hii ilienda Goma lini?"

"Haijaenda."

"Mama Syntiche, mie nilitumika Goma miaka sita. Hii ni budongo ya volcan, ya mulima wa moto."

Na ndani ya budongo, nyele. Meshe, zile nyele za kuunga, ya rangi ya divai, imejizungusha mara mingi. Pa mwisho ya kila musuko, fundo ya uzi mweupe.

Ile fundo, hakuna mwengine anaifunga vile. Kavugho njo alimusuka mutoto siku ya kwenda chuo.

Deborah akajishika mudomo.

"Nisafishe?" Clément akauliza, sauti ya kanisani. "Nisiposafisha, betri haimalize posho. Nikisafisha..."



Kavugho hakulia. Akakamata zile nyele, akakamata ile budongo, akarudisha mu ventilateur na mikono yake mwenyewe, pole pole, sawa unamulalisha mutoto.

"Funga," akasema.

Deborah alirudia na miguu.

Kavugho akaendesha peke yake. Pa tablo, betri ilikuwa imebakiza milia mbili. Motoka ikateleza mu avenue bila sauti. Bantu balikuwa banakunywa pa mbele ya nyumba, hakuna aligeuka. Fuuu... fuuu... Ile harufu.

"Syntiche?" akaita.

Fuuu...

"Mama."

Ilikuwa karibu na sikio.

"Niko hapa, mutoto wangu," Kavugho akasema. "Uko na baridi?"

"Papa alishafika?"

"Bado."

"Aliniambia nitangulie. Alisema anafwata."

Pa tablo ikabakia mulia moja tu.

Kavugho akaingiza motoka mu parcelle. Akashuka, akafungua mulango wa nyuma. Hakuona kitu. Akasema tu: "Tumefika. Shuka, mutoto wangu. Ingia nyumbani."

Na motoka ikapanda kidogo, sawa inapandaka muntu akishuka.

Tablo ikazima. Betri ilikuwa imekufa.

Kesho yake akaweka matanga. Akalala chini siku tatu, akalia mpaka sauti ikaisha, siye bote tukalia naye. Lakini aliweka ya Syntiche tu. Deborah akamuomba alie na bwana yake pamoja, akakataa. "Ule alisema anafwata," akasema.

Clément akamuletea habari ya betri ya occasion, atalipa pole pole. Akakataa. Motoka ikabakia mu parcelle, na yeye akaanza kukaanga mikate pembeni yake, ya kuuzisha batoto ba masomo. Usiku alikuwa anaachia chumba ya Syntiche wazi. Alimuambia Deborah kama anamusikiaka mule, anageuka mu kitanda, anatembeza viatu. Chenye kilikuwa kinamupa nguvu ya kuamuka ni kile tu. Mutoto amekufa, lakini yuko nyumbani.

Mu musimu wa mvua Clément akakuya tena, akasema betri ya kufa ikilowana inaweza kuwakisha moto. Kavugho akamuachia aitoshe. Ventilateur akamukataza kuigusa. Clément akakata nyuzi za umeme, akabeba betri na bijana babili, ventilateur ikabakia chini ya kiti, haifungwe na kitu.

Ile mangaribi Kavugho alikuwa anageuza mikate.

Fuuu...

Akasimamisha mukono.

Motoka ikashuka kidogo, sawa muntu ameingia. Upande ya volant, ya dereva. Kasereka hakuikalaka ngambo ingine mu motoka yake.

Kavugho akaacha kikaango pa moto. Akaenda, akafungua mulango wa ngambo ingine, akaikala. Hakugeuza kichwa. Alisikia harufu ya majivu. Alisikia shati yenye alimufulia mwenyewe.

"Papa Syntiche," akasema. Machozi ikaanza sasa, ile ya bwana yake, yenye alikatalaka kulia. "Ulichelewa. Yeye alishafika. Nilimushusha hapa hapa, iko anakungojea mu nyumba."

Fuuu...

"Ulishusha nani?" Kasereka akauliza.

"Syntiche."

Ventilateur ikavuta hewa murefu.

"Mama, Syntiche iko nyuma yangu. Balituua pamoja. Tangu siku ile sijamuachia mukono hata hatua moja."

Na kutoka kiti ya nyuma, karibu na sikio, na kilio: "Mama, tulitembea sana."

Na kutoka mulango wa nyumba, ile ile sauti, inacheka kidogo:

"Mama, mikate inaungua."

Moshi ilikuwa inapanda. Kavugho aliikala pale, mikono juu ya magoti, hakujua aitike wapi. Batoto babili balikuwa banamuita, na yeye alizaa moja tu.