Mwenye Mwamba wa Skarva

Chai ya asubuhi ile ilikuwa na chumvi. Waashi waliokuwa wakijenga mnara wa taa juu ya mwamba wa Skarva, mbali na pwani ya kaskazini ya Uskoti, wakamtania mpishi kwamba amezidi uvivu, sasa anachota maji ya chai baharini. Mpishi hakucheka. Pipa lilikuwa limeletwa jana yake kutoka nchi kavu, na yeye mwenyewe aliyaonja maji yake. Akafungua pipa jingine. Nalo chumvi tupu.

Mhandisi Torquil Abernethy alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaweka kikombe, akasema kazi ianze.

Ndivyo alivyokuwa. Maisha yake yote alikuwa akijenga minara ya taa mahali ambapo watu wenye akili zao walimwambia hapajengeki, na minara yake yote ilikuwa bado imesimama. Lakini Skarva ndiyo aliyoitaka kuliko zote. Mwamba ule ulikuwa umevunja meli tangu enzi za mababu, na mojawapo ilikuwa imembeba mkewe, Ishbel, akirudi kutoka kwa dada yake visiwani. Mwili wake haukupatikana. Wakubwa wa mjini walimshauri amwachie kazi hii mtu mwenye umri mdogo zaidi. Aliwajibu kwamba huyo mtu atajenga wa kwake.

Baada ya chumvi ikaja harufu. Sufu iliyolowa, mwani uliooza, na kitu kingine ambacho hakuna aliyetaka kukitaja. Ilipanda kupitia mbao za sakafu ya banda walimolala, ambalo lilisimama kwa miguu ya chuma juu ya mwamba. Kisha kukaanza kugongwa chini ya sakafu, polepole, kama mgeni anayejua fika kwamba mwenye nyumba yumo ndani. Walipochungulia waliona mwamba na maji, basi.

Siku ukungu uliposhuka, sauti ikamwita nyapara wa waashi, Lachlan Munn. Ilikuwa sauti ya mdogo wake, aliyezama hapo hapo wakivua kaa.

"Lachie," ilisema. "Nitupie kamba. Nimechoka."

Lachlan alichukua kamba akatoka, na wenzake walipomfikia alikuwa amesimama maji yakimfika magotini, analia, na kamba mikononi mwake imekazwa kwa nguvu na kitu kilichokuwa upande wa pili. Walimvuta yeye, wakaivuta na kamba. Ncha yake ilikuwa imetafunwa.

Watu wakasema wanaondoka. Mhandisi hakuwapigia kelele. Alituma mashua ikamlete Beathag, bibi aliyekuwa akiosha maiti za waliozama katika pwani ile, ambaye hata mchungaji wa kanisa alimwita kwa siri mambo yalipomshinda. Beathag alikaa juu ya jiwe, akaweka kiganja chake juu yake, akafumba macho.

"Yule si mdogo wako, Lachlan," alisema hatimaye. "Mdogo wako amepumzika. Huyu anavaa sauti zao tu, kama nguo za kuokota."

"Anataka nini, bibi?" mhandisi akauliza.

"Giza. Hapa ni kwake. Wa zamani walikuwa wakimwachia mtu mmoja, akatulia."

"Mimi nilishamwachia mmoja. Hapati mwingine."

Bibi akamtazama, akatabasamu kidogo. "Basi mwashie taa. Kuonekana ndiko asikokuweza. Lakini atakuja kukuomba usiwashe, na atakuja na sauti unayoipenda. Hapo, mwanangu, mimi sina dawa."

Chumba cha taa kileleni mwa mnara kilikuwa bado hakijawekwa vioo upande mmoja. Mhandisi aliamuru uwazi ule uzibwe kwa turubai, taa ikatiwa mafuta, na watu walioogopa akawaruhusu waondoke na mashua ya bibi. Lachlan alibaki. Mchana wa siku iliyofuata ukungu ulirudi, mzito kuliko wote waliowahi kuuona, na ndani yake wakasikia kengele ya meli, ikija moja kwa moja kuelekea mwambani.

Walipanda mbio. Lachlan aliegemeza mwili wake wote kwenye turubai ili upepo usipite, mhandisi akainama juu ya utambi, na ndipo waliposikia nyayo zilizolowa zikipanda ngazi za mawe nyuma yao, bila haraka, zikizunguka mnara kila ngazi inavyozunguka, na ile harufu ya sufu ikitangulia, na maji yakitiririka kutoka kwenye mavazi yasiyoonekana, mpaka zikakoma nje ya mlango, mahali ambapo mtu akinyoosha mkono angekugusa bega.

"Torquil," alisema Ishbel. "Nina baridi. Usiwashe, mpenzi, mwanga unaniumiza macho. Ngoja kwanza nije kwako."

Ilikuwa yeye hasa. Hata kile kikohozi chake kidogo kilikuwemo. Lachlan aliona machozi yakimdondoka mhandisi kwenye ndevu, na kiberiti kikiwa tayari mkononi.

"Ishbel, kama ni wewe, utanisamehe," mhandisi alisema bila kugeuka. "Na kama si wewe, toka kwenye mnara wangu."

Akawasha.

Mwanga ulipojaa wakageuka wote wawili, na pale mlangoni palikuwa na kitu kirefu kilichoinama ili kitoshee, na chini ya ngozi yake, kama watu waliofunikwa shuka iliyolowa, nyuso zilikuwa zikisukumana, midomo yote wazi, zikisema kwa sauti moja neno lile lile, usiwashe, usiwashe, mpaka mikono yake ikapanda kuzifunika nyuso hizo zisionekane, kikarudi nyuma, na mnara mzima ukasikika kama ndoo inayomwagwa.

Huko nje kengele ya meli iligeuka, ikaanza kwenda mbali.

Mnara ulikamilika. Mhandisi Abernethy alikufa kitandani kwake Edinburgh akiwa mzee, na bahari haikumpata. Mwezi uleule aliozikwa, ukungu ulishuka Skarva, na walinzi wa taa wakasikia sauti yake chini ya dirisha, nzito na ya upole.

"Zimeni taa. Mimi niliyeijenga nasema zimeni. Nimechoka."

Mlinzi mkuu wakati huo alikuwa Lachlan Munn, mvi kichwa kizima. Alifungua dirisha, akainama kwenye ule weupe.

"Ungevaa mtu mwingine," akaiambia. "Huyo kusema hivyo hawezi."

Akafunga dirisha, akaupandisha utambi.