Sauti Iliyoniita Mwanangu

Nina umri wa miaka arobaini na tisa, ni mjane, na kwa miaka saba nilifanya kazi Doha ya kuwatunza wazee wa watu. Wazee wa watu! Wangu, mama yangu mzazi, nilimwacha kwetu Butere kwa kaka yangu, nikajiambia yuko mikononi mwa damu yake. Someni, mnicheke mkitaka. Sistahili huruma ya mtu.

Mwaka 2014 niliajiriwa katika fleti moja kule The Pearl, mtaa wa matajiri, kumtunza bibi wa Kijerumani wa miaka themanini na mitatu. Jina lake Irma. Mwanawe, mhandisi mwenye ofisi West Bay, alimleta kutoka kwao baada ya babake kufariki. Kila jioni aliingia, akambusu mama yake kwenye paji la uso, akauliza kama mama amekula... na akaniuliza mimi, si mama! Kisha akajifungia chumbani na simu yake. Nilimdharau sana yule mwanamume.

Bibi Irma alikuwa na starehe moja tu: mchezo wa televisheni wa kwao, wa makachero. Marudio yake yalionyeshwa Jumatatu alasiri. Nilikaa kando ya kiti chake nikimmenyea tufaha, naye akinitafsiria kwa Kiingereza chake kigumu. Nikaupenda. Hakukuwa na risasi nyingi wala kukimbizana. Watu walikaa tu jikoni wakidanganyana.

Ijumaa ndiyo siku yetu ya kanisa na mapumziko. Baada ya ibada nilikwenda mtaa wa Najma kwa rafiki yangu Consolata, tukajazana Wakenya sita saba katika chumba kimoja, nami nikawasimulia vituko vya mchezo ule. Ungenisikia! Mimi mhubiri!

"Hawa wazungu hawana utu," nilikuwa nikisema. "Mzazi akizeeka tu, wanamtafutia pahali pa kumtupa."

"Si kama sisi," wengine wakaitikia.

Consolata pekee ndiye aliyewahi kuniuliza, "Na mathe wako anaendeleaje, Rose?"

"Ako sawa. Si ako na Wycliffe?"

Nyani haoni kundule!

Wycliffe ni kitinda mimba wetu. Kwa miezi kadhaa, kila nilipompigia simu nizungumze na mama, jibu lilikuwa moja: "Mama amelala." Asubuhi, amelala. Saa sita mchana, amelala. Jumapili wakitoka kanisani, amelala! Mkewe, Jentrix, alidakia kwa nyuma kwa sauti ya asali, "Mwambie wifi ni uzee tu!" Nami nikaridhika. Nilikuwa nimemtumia mama kwa kago televisheni kubwa, blanketi nzito na pedi za watu wazima. Mtoto gani angefanya zaidi?

Basi Jumatatu moja mchezo ulihusu bibi kizee aliyekutwa amekufa katika chumba cha chini cha nyumba yake mwenyewe. Watoto wake watatu walilia machozi ya kujaza ndoo. Kumbe kila jirani aliyekuja kumjulia hali, mkamwana alimjibu mlangoni kwamba mama amelala! Kachero mwenyewe alikuwa mtu mzima, ana baba aliyekwisha kusahau hata jina la mwanawe. Akamtazama yule mkamwana, akamuuliza swali moja tu.

Bibi Irma akanitafsiria. "Anauliza, mzee hulala saa ngapi kwa siku?"

Kisha akaongeza la kwake, macho bado kwenye kioo. "Mimi silali hata saa tano. Wazee hatulali, Rose. Tunanyamaza tu."

Nikaweka chini kisu na lile tufaha.

Nilitoka hadi kibarazani nikapiga simu. Nikamwambia Wycliffe sitaki kusikia amelala. Amwamshe! Nikasikia mnong'ono, mlango ukifungwa... halafu sauti dhaifu, yenye kikohozi.

"Mwanangu Rose... niko salama, mwanangu. Usihangaike."

Nilikaribia kulia kwa furaha. Halafu nikalisikia lile neno: mwanangu.

Nitawaeleza. Mimi nimepewa jina la mama mzaa mama yangu. Kwetu jambo hilo si mzaha: aliyebeba jina la bibi ndiye bibi mwenyewe amerudi. Mama hakuwahi kuniita mwanangu maisha yake yote. Aliniita "mama." Hata akitaka kunichapa alisema, "Mama, lete hiyo fimbo!" Majirani wote walijua. Lakini Jentrix aliolewa nikiwa tayari Doha, naye hakuwahi kumsikiliza mama yangu hata dakika mbili.

"Jentrix," nikasema, "weka hiyo simu chini."

Simu ikakatika papo hapo.

Nikampigia Mama Nekesa, jirani yetu na mwenyekiti wa akina mama kanisani. Nikamwomba aende amwone mama. Akashangaa.

"Kwani hauko na yeye huko Doha? Wycliffe alitangaza kanisani ulimchukua! Tukaombea hiyo safari!"

Jamani... Walimsafirisha mama yangu kwa mdomo! Kanisa zima likasema amina!

Mama Nekesa alichukua wanawake wanne, wakasukuma mlango. Mama alikuwa kwenye stoo, kati ya magunia ya mahindi. Kiharusi kilikuwa kimempiga miezi tisa iliyopita, upande mmoja umekufa, ulimi hausemi. Alikuwa na vidonda mgongoni kwa kulazwa chali bila kugeuzwa. Ile televisheni yangu ilikuwa sebuleni, sauti imefunguliwa hadi mwisho, ili mgeni asisikie mtu akigumia nyuma ya ukuta.

Wakati ule Qatar hukuweza kuondoka bila mwajiri kukutilia sahihi kibali cha kutoka, khuruji. Nikamweleza yule mhandisi. Akasikitika vizuri sana, kisha akasema, "Lakini nani atabaki na mama yangu?"

Bibi Irma akagonga sakafu kwa fimbo yake. "Una mikono miwili," akamwambia. "Tia sahihi kwa mmoja, unipikie kwa mwingine."

Akatia sahihi, masikio mekundu.

Nilifika Butere nikamkuta Wycliffe amevaa tai! Eti walinificha ili nisipate presha. Eti walikuwa wakinilinda! Mwanamume mzima, mashavu yamenona, anasimama mbele yangu na kuongea upuuzi huo, na yule mke wake pembeni amefunga leso kama mtakatifu. Nilimtemea mate miguuni, na leo bado sijui kwa nini nililenga chini hivyo.

Nilikaa na mama siku kumi na tisa. Nilimwosha, nikamgeuza, nikamlisha uji kwa kijiko, yote niliyofundishwa kuwafanyia wageni. Hakunitambua. Kila nilipomaliza alinipapasa mkono kwa mkono wake mzima, taratibu, kwa adabu... vile mtu anavyomshukuru mfanyakazi wa watu. Siku ya ishirini hakuamka.

Mazishini Wycliffe ndiye aliyelia kuliko wote. Alichinja na fahali!

Sasa niwaambie nisilowahi kumwambia hata Consolata. Msidhani nilidanganywa. Ile "amelala" ya tatu au ya nne, moyo wangu ulijua kuna jambo. Nilijua! Lakini kujua kungenilazimu kurudi nyumbani, nami nilipenda chumba changu chenye kipoza hewa, nilipenda kuitwa mtu wa Doha. Kaka yangu alisema uongo wa kitoto, nami nikauchagua kwa sababu ulinifaa. Nikiwacheka wazungu Najma, nilikuwa nimemlipa mtu wa kwetu kwa zawadi ili asinisumbue na habari za mama yangu. Yule mhandisi niliyemdharau, angalau mama yake alikaa sebuleni.

Na siku ile ya mazishi mchungaji aliniita mbele. "Huyu ndiye binti aliyemtunza mama kutoka ng'ambo!" Watu wakapiga makofi. Ningeweza kusema ukweli. Nilishika kipaza sauti... nikasema asante.

Ndugu zangu mlio Doha, Riyadh, London, na hata nyinyi mlio Nairobi tu, nawasihi msipite nilipopita mimi. Acheni kuwauliza watu mama anaendeleaje, maana mtajibiwa mnachotaka kusikia. Nendeni wenyewe. Nendeni mkamwoshe miguu angali ana ulimi wa kuwaambia kwamba hayo maji ni ya moto mno.