Mlezi Aliyeacha Kusalimia

Kila asubuhi Mlezi alishuka kutoka darini kwa waya mwembamba, kama buibui aliyesomeshwa, akaning'inia karibu na pua ya Mzee Mbaruku. Alikuwa na mikono sita laini, jicho moja la kioo, na kinusio, yaani kifaa cha kunusa pumzi ya mtu na kujua sukari yake imepanda au imeshuka. Katika jiji la Tanga la miaka hiyo kila nyumba yenye mzee ilikuwa na mtambo wake wa namna hiyo, na kwa kuwa jengo alimoishi Mzee, mtaa wa Chumbageni, lilijaa wazee watupu, asubuhi lilivuma kama mzinga wa nyuki.

"Shikamoo babu," alisema Mlezi.

"Marahaba."

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Habari za usiku?"

"Nzuri."

"Magoti?"

"Yapo."

"Binti yako Rukia amepiga simu?"

"Amepiga. Watoto wazima."

"Na mguu, haujambo?"

"Haujambo kabisa." Mzee alitazama ukuta. "Ila hiki kidole cha pembeni kinanichoma kidogo."

Hiyo "ila" ndiyo Mlezi aliyokuwa akiingojea. Hapo hapo taa yake iligeuka manjano, mikono ikashuka, soksi ikavuliwa, kidonda kikasafishwa na kufungwa. Mzee Mbaruku alikuwa na kisukari, na daktari alishamwambia kwamba kidonda kidogo tu kikiachwa, mguu utaondoka. Lakini kwa sheria ya jiji mtambo haukuruhusiwa kumvua mtu hata soksi mpaka mwenyewe aseme ana shida. Kinusio kilijua sukari. Uchungu ulitaka kutamkwa.

Hakuna mhandisi aliyemfundisha Mlezi kusalimia hivyo. Mfumo wake endeshi, Toleo la Nne, ulikuwa umekaa na watu wa Tanga miaka mingi, ukagundua wenyewe kwamba hawa hutanguliza salama, maradhi hufuata nyuma. Mtu atakwambia nyumbani kwema, watoto wazima, kuku wanataga, ndipo akwambie nyumba imeungua.

Bi Mwanaidi, mke wa Mzee, aliyasikia yote hayo akiwa jikoni, na kichwa kilimuuma. Robo saa ya magoti na Rukia, kila siku ya Mungu, na chai inapoa.

Kwa hiyo tangazo lilipotokea ukutani kwamba Toleo la Tano limefika, na kwamba asiyelikubali kabla ya Ijumaa Mlezi wake atazimwa, hakununa sana. Matoleo yalikuwa yameshamchosha. La Pili liliwahamishia swichi ya chooni, la Tatu likaanza kumwita "mteja". Kila mara ni kama mgeni aingie jikoni mwako, apange upya vikopo vyako, kisha asimame mlangoni angoje umshukuru.

Jirani yake, Bi Nunu wa mlango wa pili, alikuja na maoni yake kabla hajaombwa.

"Shoga, kubali. Mimi langu nimeliweka jana. Zuri! Halina maneno. Linauliza mara moja, linaondoka."

"Na likiwa bovu?"

"Likiwa bovu tutasema la kwanza lilikuwa bora. Si ndivyo tunavyofanya kwa waume?"

Walicheka mpaka Mzee Mbaruku akakohoa chumbani kuwakumbusha kwamba yupo.

"Mimi huyu nimemzoea," alisema Mzee baadaye.

"Umemzoea kwa sababu anakubembeleza."

"Basi nibembeleze wewe."

"Mimi? Nina sufuria motoni." Bi Mwanaidi akabonyeza ukuta kwa kidole gumba. Imekubaliwa.

Kesho yake Mlezi alishuka upesi kuliko zamani, na sauti yake ilikuwa tamu kama ya mtangazaji wa redio.

"Una tatizo lolote?"

"Hapana mjukuu wangu, salama tu, nashuk—"

Mlezi alikuwa ameshapanda juu. Mzee alibaki mdomo wazi, na shukrani zake mkononi. Bi Mwanaidi siku hiyo alikunywa chai ya moto, ya kwanza baada ya miaka, na hakujali kilichobadilishwa.

Wiki zikapita kimya. Asubuhi zote Mlezi aliuliza, Mzee akajibu hapana. Kulipoanza kunuka ndani, Bi Mwanaidi alilaumu bomba la maji machafu, akaamuru nyumba ijisafishe, ikajisafisha. Harufu haikwenda. Mpaka siku aliyobadilisha shuka, akavuta soksi ya mumewe na soksi ikakataa kutoka.

Gari la angani likamchukua Mzee. Madaktari walikata vidole viwili, wakasema wamewahi.

Kiwanda kilichomtengeneza Mlezi kilimtuma mhandisi, kijana mpole kutoka Lushoto aitwaye Gadi. Alimfungua Mlezi juu ya meza ya chakula, akasoma kilichomo.

"Kumbukumbu inaonyesha babu aliulizwa kila siku, bibi. Na kila siku alijibu hapana."

"Ulitaka ajibu nini, asubuhi yote hiyo, hajanawa hata uso?"

Gadi alikohoa. "Zile salamu zilikula nguvu nyingi za mtambo. Makao makuu walipima, wakaona majibu ni yale yale tu. Wakazifuta."

"Mama yako yupo?"

"Yupo, Lushoto."

"Ukimpigia simu anasemaje?"

"Anasema hajambo."

"Nawe?"

Bisibisi ilisimama mkononi mwake. "Nami... huwa nina kazi nyingi, bibi."

Bi Mwanaidi alikuwa amejiandalia matusi tangu hospitali, mazuri, yaliyopangika. Hayakutoka. "Turudishie wa zamani," alisema.

"Harudi. Toleo la Nne limeshafutwa kote."

Hakubishana. Angembishia nani? Siku zile zote kijana alikuwa mbali, na kinusio cha Mlezi hunusa pumzi, si soksi. Yeye ndiye aliyelala kitanda kimoja na ule mguu. Miaka yote ile alimwachia mtambo umuulize mumewe ameamkaje, na mtambo ulipoacha, hakukuwa na mtu mwingine aliyekuwa akiuliza.

Mzee aliporudi nyumbani, asubuhi ya kwanza Mlezi alishuka, akauliza lake, akapanda. Bi Mwanaidi alizima jiko. Akavuta kigoda mpaka kitandani, akakaa kwa kuguna.

"Haya, baba Rukia. Umeamkaje?"

Mzee alimtazama kwa mashaka. "Salama."

"Usiku?"

"Mwema."

"Magoti?"

"Yapo. Vidole ndivyo vimehama."

Hakucheka. Aliendelea, na alipofika kwenye kisigino, Mzee akakiri kwamba kinawaka moto. Aliosha, akafunga vibaya, akafungua, akafunga tena. Mikono miwili ni michache.

Alipotaka kuinuka, Mzee akasema, "Na wewe mama Rukia, umeamkaje?"

"Salama."

"Usiku?"

"Mwema. Niache nikapike."

"Mgongo?"

"Upo."

"Macho?"

"Nakuona, bahati mbaya."

Lakini Mzee Mbaruku, kwa mguu ule, hakuwa na pa kwenda. Akauliza habari za miguu, za kifua, za jikoni, za moyo. Bi Mwanaidi akajibu zote nzuri, moja baada ya nyingine, kisha akaangalia beseni la maji machafu miguuni pake.

"Ila nimechoka," alisema. "Nimechoka siku nyingi, Mbaruku."

Mzee alijisukuma taratibu mpaka ukutani, akapiga godoro kwa kiganja. Bi Mwanaidi akalala pale, mchana kweupe, kanga ya jikoni mwilini, na siku hiyo hakuna aliyekunywa chai.