Pepeta ya Mkono wa Mwanawetu

"Mie sisemi kitu," alisema Tatu huku akijaza mtungi wake mtoni. "Nasikia tu. Ati Mshamu wako siku hizi anakula kwa Zabibu. Akishiba ananawa, anajinyoosha barazani kama kwake."

"Nani kakwambia?"

"Si mtu mmoja, shoga yangu. Lakini mie sisemi kitu."

Mwanawetu alijitwisha maji akapanda njia ya kijijini kwao Umwe, yanammwagikia begani wala hayahisi. Ulikuwa mwaka wa vita vya Maji Maji, na mumewe alikuwa amekunywa dawa pamoja na wenzake, ile waliyoambiwa itageuza risasi za Mdachi kuwa maji. Tangu alipoinywa, Mshamu alipita nyumbani mara mbili tu. Hakuingia ndani. Alikaa nje, akaomba maji kwa mama mkwe wake, si kwa mkewe. Alipoletewa wali alisema keshakula.

Kala wapi? Swali hilo Mwanawetu alilala nalo, akaamka nalo, akatwanga nalo.

Mama yake, Bi Mwanamkuu, alimkuta anafagia uwanja aliokwisha kuufagia.

"Mwanangu, acha ufagio usikie. Kesho kutwa tunahamia bondeni kulinda shamba. Sisi, Tatu, na nyumba ya kina Zabibu, dungu moja."

"Na Zabibu?"

"Na Zabibu na bibi yake. Dungu letu ndilo kubwa. Na alasiri wanaume watapita kula kabla hawajashika njia ya Kibiti kuwazuia askari. Moto hauwashwi kule, moshi wa bondeni unaonekana mbali. Tutawalisha nini wote hao?"

Hapo Mwanawetu alitulia kidogo, maana kupanga chakula cha watu wengi alikuwa anakuweza.

"Pepeta," alisema. "Tuloweke mpunga leo, kesho tuukaange na maganda yake, tuutwange ungali moto ulale bapa. Hauchachi. Kambare wabanikwe hapahapa mpaka wakauke. Nazi tukakune kulekule, tukikuna mapema zitaharibika. Tatu alete miwa. Watu wakifika ni kuchanganya na kula."

"Hapo sawa. Ila pepeta ya wanaume nitaitwanga mimi na bibi yake Zabibu. Weye usiitie mkono."

"Kwa nini?"

"Usiitie mkono, Mwanawetu."

"Mama, nimeuliza kwa nini."

"Nimeambiwa niseme hivyo, nisiseme zaidi."

Mama mwenzangu, hapo ndipo moto ulipowashwa, na wala si moto wa kuni. Mtoto anayeungua kwa wivu alinyimwa sababu, akaitafuta mwenyewe. Aliona mama yake amekwisha kujua habari za Zabibu na anazificha. Aliona chakula cha mumewe kinapelekwa nyumba nyingine mbele ya macho yake.

Kesho yake, bibi wawili walipokwenda kuswali adhuhuri, Mwanawetu alichota mpunga wake. Akaukaanga, akautwanga peke yake, jasho linamtoka, akaufunga kwenye jani la mgomba. Akautia chini kabisa ya kapu.

Siku ya kuhamia, dungu lilijaa. Ni nyumba ya nguzo juu ya shamba, sakafu ya miti, na watu walikaa magoti kwa magoti. Zabibu alikuja na mkeka kichwani, anacheka.

"Mwanawetu, nisogezee nafasi. Au nikalale na viboko?"

"Weye hukosi pa kulala."

Zabibu akamtazama. "Hilo neno lina mkia. Ulitoe lote."

"Sina zaidi."

Wanaume walifika alasiri. Mshamu alikuwa amekonda, na pembeni yake alikuwa Sadala, kaka yake Zabibu, mpenda mzaha.

"Harufu ya kambare nimeisikia tangu ng'ambo," Sadala alisema. "Nikamwambia Mshamu, tukifa leo tufe tumeshiba."

"Usiseme kufa," Bi Mwanamkuu alimkata. "Kula."

Mwanawetu aligawa. Kila mmoja alipata kutoka kwenye ungo wa bibi wawili. Mshamu alipata kutoka kwenye jani la mgomba, limeshakuniwa nazi juu. Alikula kama mtu asiyekula siku nyingi. Alilamba vidole.

"Tamu?" Mwanawetu aliuliza.

"Tamu sana. Mwambie mama ahsante."

Basi hakuweza kuvumilia. Alimtazama Zabibu kwanza, kisha mumewe. "Si ya mama. Hiyo nimeitwanga kwa mkono wangu. Na hao wanaokulisha siku zote wajue bado una mke."

Watu waliacha kutafuna. Mshamu aliinuka, akashuka ngazi, akaingiza kidole kooni. Kikatoka kidogo, kingine kikabaki.

"Nimefanya nini?" Mwanawetu alisema. "Mama, nimefanya nini?"

Sadala ndiye aliyejibu, na mzaha ulikuwa umemwisha. "Shemeji, katika kikosi chetu tuliapa. Aliyekunywa dawa halali na mkewe, wala hali cha mkono wa mkewe, mpaka vita viishe. Ndiyo maana bibi yangu, aliyekwisha kuzeeka, ndiye anayetupikia. Zabibu anabeba tu chungu. Mumeo hajapata kumtazama mara mbili."

"Mbona hakuniambia?"

"Tuliapa kutosema vilevile. Sasa nimesema kwa kuwa limeharibika."

Mshamu alirudi akashika mkuki. Sadala akaushika upande wa pili.

"Huendi, ndugu yangu."

"Sadala, niache."

"Ukienda utatuharibia dawa sote. Kaa na wanawake."

Waliondoka bila yeye. Mshamu alikaa chini ya dungu, mgongo kwenye nguzo. Mwanawetu akamshukia.

"Mume wangu."

"Umenivua nguo mbele za wanaume. Wakirudi washindi, watanicheka mpaka nizikwe. Siku watakayorudi nitakuandikia talaka, urudi kwa mama yako."

"Nilidhani Zabibu..."

"Uliniuliza?"

"Ulikuwa ukikaa nje. Ningekuuliza vipi mtu asiyenitazama?"

Siku zilizofuata Mshamu alikula muhogo mbichi alioung'oa mwenyewe, hakupanda juu. Mwanawetu alisubiri wanaume warudi, na aliogopa wasirudi, na aliogopa warudi.

Aliyekuja ni Zabibu. Alikuwa amekwenda njia ya Kibiti kuuliza habari. Alirudi mchana, kanga imefungwa kiunoni, uso mkavu.

"Sadala?" Mshamu aliuliza.

"Wote. Dawa haikuzuia kitu. Tumewafukia kwa mikono, mie na watu wa huko."

Mshamu aliweka kichwa magotini. Mwanawetu alisogea, akaanza kusema dada nisamehe, nilikusingizia, lakini Zabibu alimwinulia kiganja.

"Nisikilize. Sadala naye ana mke, yuko Chumbi, ng'ambo ya mto. Mwanamke mtiifu. Aliambiwa asipike, hakupika. Sasa ndiyo nakwenda kumwambia." Akakaza kanga kiunoni. "Laiti naye angekuwa na wivu kama wako."

Alijitwisha mzigo wake. Mshamu akainuka, akapanguza uso kwa mkono.

"Hutakwenda Chumbi peke yako. Mwanawetu, chukua kanga yako. Twende wote matangani."

"Na ile talaka?"

"Nilisema siku watakayorudi." Akashika njia. "Twende."

Walivuka watu watatu. Mwanawetu alitembea katikati, na hakujua mpaka Chumbi kama amwombe Mungu msamaha au amshukuru. Nami niliyeandika sijui. Ninayoyajua ya kuepuka ni haya tu:

Usisikilize mtu anayesema hasemi kitu.

Usimkataze mwanao jambo ukamnyima sababu.

Usikae nje ya nyumba yako ukadhani mkeo ataelewa.

Usimwaibishe mume mbele za watu, hata ukiwa na haki.

Usimtukane mwenzio kwa jambo ambalo hujalishuhudia.

Usikune nazi mapema.

Usimpeleke mwanao vitani kwa maneno matupu.