Kitambaa Juu ya Feni

Fyuuu.

Sauti ilikuwa hiyo tu, mara moja, usiku, kisha kimya. Binamu yangu aligeuka kitandani, akadhani ni feni ya kompyuta yake, akavuta shuka. Usingizi ulipoanza kumrudia ndipo akakumbuka kwamba kompyuta alikuwa ameizima.

Asubuhi alilicheka jambo hilo. Siku ilikuwa ya kawaida: jua kali mapema, mabati yakilia yalivyotanuka kwa joto, mama yake, ambaye ni shangazi yangu, akikoroga chai jikoni. Waliishi wawili tu. Binamu anachora nyumba ambazo bado hazijajengwa, ili mteja azione zikiwa na kuta, rangi na kivuli. Picha za namna hiyo huichosha kompyuta hadi inachemka. Haya amenisimulia mwenyewe, na shangazi kanisimulia kwa upande wake. Sijaongeza chumvi. Ingekuwa yangu, ningeipunguza.

Siku zile kompyuta ilianza kujizima katikati ya kazi. Akaipeleka kwa fundi, mtu wa maneno mengi ambaye mtaa mzima ulimwita Bisibisi. Bisibisi akaifungua, akapuliza vumbi, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto, akaifunga, akaiwasha.

"Ndugu yangu, unazo programu mbili za kuendesha feni," alisema. "Moja imekuja na mashine, nyingine umeipakua. Hii inasema kimbia, ile inasema simama. Mafahali wawili zizi moja, kompyuta itaponaje?"

Akaiondoa moja. Katika ile iliyobaki akamchorea mstari kwenye skrini: joto likipanda, feni iongeze mbio, likishuka, ipumzike.

"Ukishapanga, upe mpangilio wako jina ndipo uhifadhi. Usipoupa jina, ukizima tu, umesahaulika. Na hiki je?"

Alikuwa ameinua kutoka begini kitambaa cheupe cha kufuma, kidogo, chenye maua pembeni.

"Mama hufunikia. Vumbi."

"Mwambie mama laptopu si redio ya babu. Ukiiziba pua itakufa."

Jioni binamu alimrudishia mama yake maneno hayo akicheka. Shangazi hakucheka. Alikichukua kitambaa, akakikunja taratibu, akakishika kifuani.

"Nani kasema itakufa?"

"Fundi, mama. Anatania."

"Asitanie hivyo."

Kesho yake mpangilio wa binamu haukuwepo. Mahali pake palikuwa na mwingine, usio na jina. Mstari wake haukufuata joto. Ulipanda kidogo, ukashuka kidogo, ukapanda, ukashuka, mawimbi madogo yaliyolingana. Halafu, katikati, ukalala chini kabisa. Feni imesimama. Ukalala hivyo kitambo. Kisha ukaruka hadi juu, kama mtu aliyezinduka.

Akaufuta. Jioni ukarudi. Akauondoa pamoja na programu yenyewe, akaiweka upya. Ukarudi. Kila mara kisanduku kilekile kilijitokeza kwenye skrini: *Mpangilio huu hauna jina. Ingiza jina.*

Akampigia fundi. "Bisi, umeniwekea nini humu?"

"Mimi? Sikuweka kitu. Kuna mtu anaigusa. Nyumbani mko wangapi?"

"Wawili."

Sauti ya fundi ilishuka.

"Basi hesabu ni nyepesi."

Hapo ndipo shaka ilipoingia, na shaka ni kama mchwa: huisikii ikila, unaona tu unga chini ya mlango. Binamu aliweka neno la siri. Akaanza kufunga chumba na kuondoka na ufunguo. Kitambaa, alichokikuta tena juu ya kompyuta, akakificha chini ya nguo ndani ya sanduku lake. Aliporudi, mlango ulikuwa umefungwa kama alivyouacha, na kitambaa kilikuwa juu ya kompyuta. Kimetandazwa vizuri. Pembe zake zimechomekwa chini, upande huu na upande ule, jinsi unavyomchomekea aliyelala.

Kompyuta ilikuwa ya moto kama pasi.

"Mama, umeingia chumbani kwangu?"

Shangazi alikuwa akichambua mboga. "Ufunguo si unao wewe, mwanangu?"

"Kwa hiyo kitambaa kimetembea?"

"Siku hizi unaniuliza kama askari."

Akaendelea kuchambua.

Kisha jirani, fundi cherehani, akamsimamisha nje, akashusha sauti. "Samahani, kwenu mmepata mjukuu?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Mama yako mchana anaimba. Nyimbo za kubembeleza. Mimi niko hapa na cherehani yangu, nasikia. Na akinyamaza yeye..." Alitazama kushoto na kulia. "Akinyamaza yeye, kuna kitu kinapumua. Mama ni mama, lakini fumbua macho. Kikulacho ki nguoni mwako."

Tangu siku hiyo binamu hakunywa tena chai ya mama yake. Aliipokea, akashukuru, akaimwaga kwenye karo. Siku moja aligeuka akamkuta shangazi kasimama mlangoni, anaitazama chai ikiishia kwenye tundu. Shangazi alichukua kikombe, akakiosha.

Binamu akapata chumba kwa mfanyakazi mwenzake. Angehama Jumamosi, asirudi tena. Mama yake angebaki peke yake katika nyumba ile, mchawi au si mchawi, na yeye asingemuuliza tena neno hadi mmoja wao afe. Lakini kabla ya kuondoka alitaka kuona kwa macho yake.

Ijumaa alichomoa waya wa kompyuta ukutani. Akatoa betri, akaitia begini. Akafunga mlango, akaaga, akatoka. Akazunguka nyuma ya nyumba, akavua viatu, akaingia kwa mlango wa jikoni.

Ulikuwa mchana wa jua la utosi. Nyumba imenyamaza. Mabati yanalia.

Mama yake alikuwa kwenye ujia, nje ya chumba. Ameketi sakafuni. Mgongo umeegemea mlango uliofungwa. Anaimba, polepole, kwa sauti ya kukwaruza.

Hakuwa ndani.

Binamu aliganda. Kwa sababu ndani, nyuma ya mgongo wa mama yake, kulikuwa na sauti. Fyuu. Kimya. Fyuu. Kimya. Na betri ilikuwa begini mwake, nzito begani.

Shangazi alimwona. Hakushtuka.

"Umesikia na wewe," alinong'ona. "Nilidhani ni mimi tu. Nilidhani akili yangu imeondoka."

"Mama, ni nani yumo humo?"

"Fungua."

Ufunguo ukagonga kitasa mara mbili. Mlango ukafunguka. Joto likawapiga usoni. Chumbani hapakuwa na mtu. Kompyuta mezani, waya wake umelala sakafuni. Kitambaa juu yake.

Kitambaa kilikuwa kikiinuka. Kikishuka. Kikiinuka.

Kikashuka, kikakaa.

Feni ilinyamaza. Shangazi alihesabu kwa midomo bila sauti, kama mtu aliyewahi kuhesabu hivyo. Kisha akapiga ukelele mdogo, akaruka, akakivuta kitambaa.

Feni ikalipuka kwa mbio. Hewa ya moto ikatoka, ndefu, kama ya mtu aliyeibuka majini. Skrini ikawaka.

Shangazi aliketi kitandani, kitambaa mapajani. Akazungumza akikitazama hicho.

"Kabla yako kulikuwa na mwingine. Hiki nilimfumia yeye. Mchana kama huu, nzi wengi, nikamfunika uso asisumbuliwe. Nikaenda kuanua nguo. Nilirudi upesi, mwanangu. Naapa nilirudi upesi."

Shangazi alikigeuza kitambaa mikononi.

"Hakuwa amepewa jina bado. Baba yako akasema tusimpe. Akasema asiye na jina hatakumbukwa, na asiyekumbukwa haumi. Mimi nikakubali. Lakini nilikuwa nimeshamchagulia, moyoni, na sijawahi kulitamka. Hata kwa baba yako. Hata nikiwa peke yangu."

"Na kuifunika kompyuta?"

"Ilikuwa vumbi tu, mwanzoni. Halafu nikasikia inavyopumua. Nikaacha. Sikukigusa tena. Ninachofanya ni kumwimbia asiogope."

Kitambaa hicho nimekishika mwenyewe, mwaka huu. Shangazi hukifua na kukianika juani. Upande wa ndani kina doa la unyevu, duara, dogo kuliko sarafu, mahali ambapo mdomo ungegusa. Kitambaa chote hukauka. Doa halikauki. Ukiweka kidole, ni vuguvugu.

Lakini siku ile binamu hakuwa akitazama kitambaa. Alitazama skrini, ambayo mama yake hakuweza kuiona kutoka pale kitandani. Kisanduku kilikuwa kimejitokeza. *Ingiza jina.* Na hakikukaa tupu. Herufi ya kwanza iliingia. Ya pili. Hakuna mkono juu ya vibonye. Ya tatu, polepole, kama anayejifunza kuandika. Ya nne. Ikaishia hapo, kijistari kikipepesa mbele yake, kikisubiri.

Binamu alilisoma neno lile. Alilijua kama neno. Hakuwahi kumsikia mtu yeyote wa nyumba ile akiitwa hivyo. Akaufunika mwanga kwa kiganja, akageuka, akapiga magoti mbele ya mama yake kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Mama," alinong'ona. "Ungemwita nani?"

"Baba yako alinikataza."

"Baba hayupo. Tuko sisi."

Nyuma yake feni ilipunguza mwendo. Ikapunguza tena. Ikawa pumzi tu, ndogo, iliyojizuia ili isikie vizuri. Shangazi alikipeleka kitambaa mdomoni, akakishusha.

"Tunu," akasema.