Nimekuja Kuvunja Uchumba

"Nimekuja kukurejeshea pete yako, Haidar. Sikuja kutembea."

Fathiya aliyasema hayo palepale gatini, abiria bado wanasukumana na mabegi yao. Boti kutoka Hong Kong ndiyo kwanza ilikuwa imefunga gati Guangzhou, Uchina. Nyuma yake alisimama shangazi yake, Bi Shifa, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Unguja, aliyekubali kumleta kwa sharti moja: wamalize shughuli yao, jioni wageuze.

Ilikuwa mwaka 1998. Haidar alikuwa na mwaka wa tatu Uchina, akiwanunulia Wazanzibari nguo za jumla katika soko la Shahe na kuzipakia kontena bandarini Huangpu. Kila mwezi aliahidi kurudi kuoa. Kila mwezi likazuka jambo.

"Shikamoo, shangazi," akasema, akinyoosha mkono wa kushoto.

"Khaa! Mkono wa kushoto wanipa mie?"

"Nisamehe, shangazi. Wa kulia unaniuma."

Ule wa kulia ulikuwa umezama mfukoni mwa jaketi.

"Fathiya, boti ni jioni. Nipe mchana huu tu. Ukiwa bado hunitaka, pete naipokea."

"Nikupe kwa lipi? Kila nikipiga simu anapokea mwanamke, tena anacheka!"

"Bibi Ma huyo, mwenye nyumba wangu! Simu iko mkahawani kwake. Ana wajukuu, Fathiya."

Bi Shifa akaguna. "Twende tukamwone huyo bibi. Na njaa naisikia."

Bibi Ma alikuwa kikongwe wa Kiislamu, mnene, kajifunga kitambaa cheupe kichwani. Alipomwona Fathiya alipiga ukelele, akatoa salamu, kisha akamvuta mpaka ukutani. Pale juu ya simu palikuwa na picha. Fathiya akajiona mwenyewe, kavaa gauni la Idi.

Akaketi akanywa supu ya tambi, na hasira ikaanza kumpungua bila ridhaa yake.

Baada ya hapo Haidar akawapeleka kwenye msikiti wa kale wenye mnara mweupe, mnene, usio na pambo. Fathiya akauangalia mpaka shingo ikamuuma.

"Wenyeji husimulia kwamba zamani ikiwashwa taa juu," Haidar akamwambia. "Vyombo vya Waarabu vikitoka baharini, vinaijua njia kwa taa hiyo."

"Mashaallah! Watu wa kwetu wakifika huku tangu enzi hizo?"

"Wakifika, wengine wakaoa, wakabaki."

Fathiya akajifanya hakusikia. Lakini walipopita mtaa wa Shamian, chini ya miti mikubwa na majumba ya mawe waliyoyajenga Wazungu, ni yeye aliyekuwa akiuliza: hili la nani, lile la nini, mbona madirisha haya kama ya kwetu Forodhani?

"Mji huu mzuri, Haidar," akasema kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana umenisahau."

"Sijakusahau hata siku moja."

Walipanda kivuko kuvuka mto. Katikati ya maji likapita tishari limejaa mchanga, wimbi likakipiga kivuko ubavuni. Fathiya akateleza kuelekea ukingoni. Mkono ukamdaka.

Ulikuwa wa kulia. Ulikuwa na kidole gumba na cha shahada tu.

Haidar akaharakisha kuurudisha mfukoni. Fathiya akaushika.

"Nini hiki?"

"Mlango wa kontena, Huangpu. Mwaka jana."

"Mwaka jana! Na usiniambie?"

"Ningekwambiaje? Uliposwa na mtu mwenye viungo kamili. Nikaona bora unichukie kuliko unionee huruma."

"Weye Haidar! Ulidhani naolewa na vidole?" Machozi yakamtiririka, na sauti haikupungua. Wachina kivukoni wakageuka wote. "Nimelia mwaka mzima nikidhani una mke, kumbe umefanya kiburi tu!"

"Nilikuwa naogopa, Fathiya."

"Basi ukiogopa tena, niambie mie. Usijifiche."

Bi Shifa alikuwa amegeukia mtoni, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Boti ya jioni iliondoka bila wao. Kutoka mkahawani kwa Bibi Ma, Fathiya akampigia baba yake, Mzee Mwadini.

"Baba, mkono wake umeumia, hautapona. Na mie namtaka hivyohivyo."

Simu ikakwaruza. Kisha ikaja sauti ya baba.

"Mpe shangazi yako."

Bi Shifa akapokea. "Kaka, nilikuja na hasira zangu. Lakini kijana mwaminifu, na tabia nimeiona kwa macho yangu. Mie nimeridhika."

"Shekhe Dullah, yule mwenzetu aliyehamia Guangzhou, bado yuko huko?" Mzee Mwadini akauliza. " Nimesoma naye chuoni. Mwambieni namweka wakili wangu aniozeshee binti yangu."

Ijumaa, baada ya sala, chini ya ule mnara mweupe, ndoa ikafungwa. Wafanyabiashara wa Unguja na Dar walijaa uani, na Bibi Ma akapika mpaka masufuria yakamwishia.

Bi Shifa alirudi Hong Kong peke yake. Gatini alimkumbatia Haidar kwa nguvu.

"Viza ya mke wangu ikiisha, tunarudi wote Unguja, shangazi. Naahidi."

"Safari hii unaye wa kukukumbusha."

Boti ilipotokomea, Fathiya akamgeukia mumewe. Macho yalikuwa mekundu, lakini anacheka.

"Haya, bwana. Mji huu sijaumaliza. Tunaanzia wapi?"